Gemu ya dola 55 imeisha kwa mikesha miwili. Nimeibiwa?

Yaya, mkubwa wangu, jambo.

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Katuba, Lubumbashi, na mama yangu na mdogo wangu wa miaka 16. Nauza unite (muda wa maongezi) na kutuma pesa kwa simu. Kabini yangu ni meza moja na mwavuli, usidhani nina duka. Nakuandikia juu ya jambo ambalo mama analiona la kitoto, lakini limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Nyumbani tuna PlayStation 4 ya mtumba niliyonunua mwaka jana. Kwa miezi minne tuliweka makuta kwenye kopo la maziwa ili tupate gemu moja ya maana, tuachane na diski zilizokwaruzwa ambazo mtaa mzima umeshazicheza. Mimi niliweka dola 40. Mdogo wangu aliweka 15, za kuosha magari siku za Jumamosi. Jumla 55. Tukapanda taksi-bisi mpaka mjini, tukaingia kwa muuzaji mmoja ninayemfahamu, tukachukua gemu ya hadithi. Jina lake nalificha. Diski mpya, bado iko ndani ya nailoni. Picha zake, yaya, ungedhani ni filamu.

Tulianza Ijumaa saa nne usiku, umeme uliporudi. Jumamosi usiku tukawa tumemaliza. Nimehesabu: masaa manane na nusu, pamoja na zile sehemu ambapo huchezi, unatazama tu watu wakiongea. Majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda kwenye skrini, mimi bado nimeshika maneti (kidhibiti cha gemu) nikisubiri iendelee. Haikuendelea.

Jumatatu nikarudi kwa muuzaji. Akacheka. «Petit, umekula bukari mpaka umelamba sahani, sasa unataka nikurudishie makuta?» Ila alinifungulia njia moja: nimpe diski, yeye ataihesabu dola 35, mimi niongeze 10 nichukue gemu nyingine ambayo anasema watu wanaicheza masaa mia na bado mwisho hawajauona.

Nina rafiki jirani mwenye kanuni yake: dola moja, saa moja. Gemu ya dola 55 ikupe masaa 55, pungufu ya hapo umeibiwa. Naona anasema kweli. Kwa kanuni hiyo mimi nimeibiwa masaa 46 na nusu.

Shida ni mdogo wangu. Hataki diski itoke. Anasema gemu ni nzuri, ameianza upya kwa ugumu wa juu, na ule usiku tulipomaliza alilia machozi akidhani sikumwona. Nikimwambia katika pesa ile 40 ni zangu na yeye ana 15 tu, ananijibu kwamba hata hizo gemu ndefu huwa sizimalizi. Anasema hivyo kwa sababu mwaka jana nilinunua gemu moja ya Kijapani ya mapanga, bei rahisi, ngumu kupita kiasi. Adui mkubwa wa kwanza alinipiga siku tatu mfululizo, nikaitupa chini ya kitanda. Gemu gani hiyo, inakula pesa yako halafu inakufungia mlango? (Mdogo wangu alimpita, lakini yeye ana muda.)

Mama naye anahesabu zile 55 kwa mifuko ya unga. Hesabu yake sitaiandika hapa.

Nisaidie, yaya. Gemu fupi kwa bei ile ni wizi au siyo wizi? Na diski niirudishe, au nimwachie mtoto?

Mwenye Mwavuli, Katuba

*

Mwenye Mwavuli, mdogo wangu, jambo sana.

Kabla sijakujibu, acha niungame. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa na chumba cha gemu kule Kamalondo: televisheni mbili, Super Nintendo mbili, na benchi moja la mbao lililochana suruali za watoto wengi. Mtoto aliyetaka kupigana na mashine kwenye Street Fighter II alilipa kwa kila mchezo. Ukipigwa, unatoka, au unalipa tena. Sasa mimi, asubuhi kabla watoto hawajatoka shule, nilikuwa naingia kwenye mipangilio na kupandisha ugumu mpaka juu kabisa. Wiki ya kwanza kopo lilijaa. Wiki ya tatu benchi lilikuwa tupu. Kaka alipogundua nilichofanya hakunisemesha siku mbili.

Nakupa habari hiyo kwa sababu hila yangu haikuwa mpya. Waliotengeneza mashine za kuchezea kwa sarafu, Japani na Marekani, waliijua vizuri miaka ya 1980. Mashine inayomwacha mtu acheze nusu saa kwa sarafu moja inamtia mwenye duka hasara, kwa hiyo lazima imuue mapema. Kuna gemu ya 1985 iitwayo Ghosts 'n Goblins. Unahangaika mpaka mwisho, unamshinda mkubwa wao, halafu inakwambia kwamba yote hayo yalikuwa mtego wa shetani, rudi mwanzo uirudie nzima ndipo uone mwisho wa kweli. Aliyeibuni hiyo angefaa kuendesha chumba chetu cha Kamalondo.

Gemu zilipoingia majumbani watu wakawa wananunua mara moja tu, lakini tabia ile ilibaki, kwa sababu nyingine. Kaseti zilikuwa hazina nafasi. Super Mario Bros. ya 1985, hatua zake zote 32, na muziki wake, na uyoga wake, iliingia kwenye kilobaiti 40. Picha unayotumiwa na shangazi kwenye WhatsApp kila asubuhi ni nzito kuliko hapo. Mtu anayeijua Mario kwa moyo anaimaliza bila kufikisha dakika tano. Sisi tulikaa nayo miaka. Urefu wote ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mashimo tuliyokuwa tunatumbukia.

Ndiyo maana nakwambia malalamiko yako mawili, gemu fupi mno na gemu ngumu mno, ni ndugu wa tumbo moja. Masaa yanaweza kutengenezwa kwa hadithi, yanaweza kutengenezwa kwa ugumu, yanaweza hata kutengenezwa kwa kumtembeza mtu polini akiokota majani ya dawa mia mbili. Saa ya hadithi na saa ya kuokota majani, kwenye kanuni ya rafiki yako, zina bei moja.

Hiyo kanuni naijua, na si ya kijinga. Mtu mwenye makuta machache lazima awe na kipimo fulani. Lakini kanuni nayo ipime. Mwaka 2012 ilitoka gemu iitwayo Journey: unavaa joho, unatembea jangwani kuelekea mlima, unakutana na msafiri usiyemjua jina wala kumsikia sauti. Masaa mawili, imekwisha. Iliuzwa dola 15. Kwa kanuni ya jirani yako huo ni wizi wa masaa 13, na bado waliowahi kuicheza wanaisimulia mpaka leo kama watu waliotoka kuhiji. Sasa geuza upande wa pili. Januari 2022, waliotengeneza Dying Light 2 walijisifu hadharani kwamba kuimaliza yote kabisa kutachukua masaa 500. Walitegemea makofi. Watu wakashtuka: mimi mwenye kazi na watoto nitazitoa wapi saa hizo? Ikabidi kampuni ije mbio kueleza kwamba hadithi yenyewe ni kama masaa 20. Kama masaa yangekuwa bidhaa, hakuna mteja angekasirika kuongezewa.

Wewe unauza unite, utanielewa haraka. Mteja akinunua dakika kwako, dakika zinatoka kwako zinakwenda kwake. Kwenye gemu mambo yamegeuka: dola ni zako na masaa nayo ni yako. Unalipa mara mbili. Muuzaji anapokusifia masaa mia, anakutajia bei ya pili kana kwamba ni zawadi.

Hata hivyo sitakuambia kwamba hukupunjwa. Dola 55 kwa masaa manane na nusu ni ghali, na hayo mabishano yako hayakuanzia Katuba. Mwaka 2015 PlayStation 4 ilipata gemu ya hadithi iitwayo The Order: 1886, ya dola 60. Habari zikaenea kwamba kuna watu wanaimaliza kwa masaa matano, sita. Dunia nzima ikaanza kugombana juu ya urefu. Mimi naona waligombania kitu kisicho chenyewe. Ile gemu ilikuwa na picha za ajabu, lakini muda mwingi mno inakuweka mikono mapajani utazame. Na wewe umeandika hilo hilo kwa mkono wako, «zile sehemu ambapo huchezi», kisha ukapita. Rudi hapo. Kati ya masaa yale manane na nusu, vidole vyako vilifanya kazi masaa mangapi? Kama ni manne, lalamikia hayo manne na nusu yaliyokosekana, acha habari ya 46.

Tena bei yenyewe haijui urefu. Gemu kubwa mpya zilikaa kwenye dola 60 tangu karibu 2005. Mwaka 2020, mashine mpya zilipokuja, nyingi zikapanda kwenda 70, na 2025 Mario Kart World ikatoka kwa 80. Elden Ring, ambayo watu wameimalizia likizo nzima, ilitoka 2022 kwa dola 60, bei ile ile ya The Order. Wanachotoza zaidi ni upya. Subiri mwaka, nailoni ichanike, bei inashuka. Miezi minne mliyokaa na kopo mngeongeza minne mingine, labda mngechukua mbili.

Haya, tuje kwenye makuta yako, kwa sababu hapa umehesabu vibaya kama mwanafunzi wakati wewe ni mfanyabiashara. Umesema muuzaji anaihesabu diski dola 35. Basi gemu haikukugharimu 55. Imekugharimu 20, kwa watu wawili, na mmoja wao imemliza. Bado kwa kanuni ya jirani ni ghali, nakubali, lakini si msiba tena. Na unaweza kurudisha sehemu kubwa ya pesa kwa sababu gani? Kwa sababu imeisha haraka, kabla mji mzima haujapata nakala zake. Sasa chukua ile ya masaa mia. Umeme wenu unarudi saa nne usiku, na asubuhi unatakiwa chini ya mwavuli. Tuseme unacheza masaa mawili kila usiku, bila delestaji (mgao wa umeme) hata moja, jambo ambalo wewe na mimi tunalijua. Hizo ni siku 50. Muda wote huo dola 45 zako zimelala ndani ya mashine, na diski inazeeka. Gemu fupi kwenye diski, mdogo wangu, ni mtaji unaozunguka. (Hii ni kwa diski tu. Ile unayoshusha kwa intaneti huwezi kumuuzia mtu.)

Na usimcheke sana muuzaji kwa neno lake la bukari. Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, linakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya masaa mawili. Ni haki nzuri kwa mnunuzi. Lakini wanaotengeneza gemu za saa moja na nusu wamelia: mtu anacheza mpaka mwisho, anafuta machozi, anadai pesa yake. Sahani imelambwa.

Ukienda kununua tena, yako maswali mawili ambayo wazungu wanaoandika juu ya bei za gemu huwa hawayaulizi, kwa kuwa kwao umeme haukatiki. La kwanza: gemu inahifadhi yenyewe kila mara, au mpaka ufike mahali fulani? Ile inayohifadhi mbali, delestaji ikija unapoteza dakika 40, unarudia, inakuja tena. Hapo gemu ya masaa manane inakuwa ya kumi na mbili na hakuna aliyekuongezea chochote. La pili: diski inacheza hivi hivi, au ukiitia tu inadai kushusha masahihisho ya gigabaiti nyingi? Mega nazo ni makuta, wewe ndiye unayeziuza.

Sasa ile gemu ya mapanga. Umeilaumu mistari mitatu, halafu habari nzito kuliko zote ukaifungia kwenye mabano: mdogo wangu alimpita, lakini yeye ana muda. Kweli ana muda. Ila siku tatu mlikuwa nazo wote.

Gemu ngumu ziko za aina mbili, na hapo ndipo naona aibu ya Kamalondo. Ile niliyokuwa natega mimi, mtoto akipigwa mara ya kumi alikuwa hajui chochote zaidi ya mara ya kwanza, alikuwa maskini zaidi tu. Nyingine inakuua, lakini kila kifo kinakuonyesha kitu: panga lake linapoinuka hivi, linashuka kushoto. Sekiro ya 2019 haina hata sehemu ya kuchagua ugumu, iwe mtoto iwe mzee wote wanakutana na adui yule yule, na mwaka huo ilitunukiwa gemu ya mwaka kwenye The Game Awards. Wakati huo huo Celeste ya 2018, nayo ngumu kama mwamba, ina ukurasa wa msaada ambapo unaweza kupunguza mwendo au kujipa nguvu zisizoisha, na haikudharau ukifanya hivyo. Mimi naipenda Celeste, kwa sababu nina miaka yangu na vidole vyangu. Lakini Sekiro nayo si mwizi. Mlango haukufungwa. Mdogo wako alipita humo humo.

Basi hukumu, kwa kuwa umeiomba. Mtoto ana dola 15 katika 55, zaidi ya robo. Na kanuni ya rafiki yako, ile unayosema ni kweli, hebu itumie kwake: mara ya kwanza masaa manane na nusu, hata kama mlipokezana maneti, sasa anairudia. Akifika mwisho atakuwa na masaa 17 kwa dola zake 15. Yeye gemu imeshamlipa na chenji juu. Huwezi kumnyang'anya katikati ya mara ya pili ukisema gemu ni mbovu.

Mwache amalize. Mwulize siku gani, mkubaliane, na ukaguzi wa masomo ni wa mama. Siku hiyo ikifika pelekeni diski mjini wote wawili. Usikimbilie kuongeza 10. Mwulize muuzaji kwanza atatoa ngapi taslimu bila kubadilishana. Atashuka, pengine 30, ndivyo wanavyofanya, na 30 mkononi kwako ni bora kuliko diski ya pili inayolala. Rudisheni kwenye kopo, chache mtoe mumnunulie mama kitu cha jikoni kabla hajauliza. Kopo likijaa tena, safari hiyo anayechagua gemu ni mdogo wako.

Wakati kopo linajaa hamtakosa cha kucheza. Toa ile ya mapanga chini ya kitanda, ilishalipiwa zamani. Kisha mpe mtoto nafasi akae pembeni yako akufundishe, najua itakuuma. Kama ni ile ninayoidhania mimi, acha kumkimbia yule adui kurudi nyuma. Msogelee, simama, na ubonyeze kujikinga pale pale panga lake linapogusa lako.

Yaya